Zamu za Diski ya Marehemu Mrisho

Afisa wa Mamlaka aliingia na viatu vyake mpaka sebuleni, na Bi Nyanzala akamdharau kabla ya kulijua jina lake.

“Kwenu sakafu mnapangusia soli?” alimuuliza.

“Samahani, mama. Shikamoo.” Afisa alirudi mlangoni akavivua. Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya mafua. “Naitwa Mwakifuna. Nimekuja kwa ajili ya Toleo la Tisa.”

“Marahaba. Tumesikia. Mmetupigia kelele mwezi mzima kama wauza dawa za panya.”

Ndani ya hereni ya sikio la kulia, Kiranja alimnong’oneza: “Ana kipara, Mwalimu. Amebeba sanduku jeusi. Sasa amekaa kiti cha kushoto, anaitazama picha ya Mzee.” Bi Nyanzala aligeuza uso kuelekea kiti cha kushoto, akautuliza hapo kama mtu anayeona. Macho yalikuwa yamemtupa mkono tangu mwaka jana, kidogo kidogo na hatimaye yote, na yeye aliapa kwamba hakuna mtu mtaa mzima wa Isevya atakayejua. Alikuwa amefundisha hisabati maisha yake yote. Hakuwa tayari kushikwa mkono na watoto aliowapa sifuri.

Kiranja alikuwa mkazi wa nyumba. Siku hizo kila nyumba mjini Tabora ilikuwa na mkazi: mfumo unaoishi kwenye diski ukutani, unaofungua mlango, kuwasha jiko, kufungulia maji na kumwita daktari mtu anapoanguka. Mkazi hujifunza tabia za mwenye nyumba mwaka baada ya mwaka, mpaka anajua chai yako ina sukari kiasi gani na unasema uongo saa ngapi. Wa Bi Nyanzala alimwelezea pia ngazi ilipo na kiti kilipo, akamsomea magazeti, na asubuhi akamwambia kama khanga aliyojifunga imegeuka nje ndani. Kwake Kiranja ndiye aliyekuwa macho.

Kulikuwa na mtu wa tatu sebuleni, akimenya karanga kwenye ungo, ambaye Kiranja hakumtaja. Huyo alikuwa Siwema, mke mwenza. Kiranja hakuwahi kumtaja hata siku moja, kwa sababu kwake hakuwepo, na hiyo ilikuwa kazi ya marehemu mume wao.

Mrisho Kasele alikuwa mtu wa haki, na haki yake iliwachosha watu. Akinunua khanga, zilikuwa doti mbili za rangi moja. Akileta nyama, aliipima mafungu mawili kwa mizani ya kuazima, na kipande kikizidi upande mmoja alikitupia paka. Wakazi walipoletwa Tabora, mafundi walitaka kumwekea mmoja, kama kila mtu. Mrisho akakataa. Mkazi mmoja kwa wake wawili, alisema, atampendelea mmoja, na dhambi ataibeba mume. Basi diski ikapasuliwa vyumba viwili vilivyo sawasawa, na kila mke akapewa mkazi wake, asiyeisikia sauti ya mke mwenza wala kuiona sura yake, asije akayabeba maneno ya huku akayamwaga kule. Katikati Mrisho akajiwekea chumba chembamba cha kwake, chenye kazi moja tu: kumwamsha mkazi wa huyu siku mbili, kumlaza, kisha kumwamsha wa yule siku mbili. Zamu, kama zile za usiku. Waume wengine walipenda, wakaiga, na nusu ya diski za Isevya zikapasuliwa vivyo hivyo. Shehe wa mtaa alisifu. Wanawake hawakuulizwa.

Sasa Mrisho alikuwa kaburini mwaka wa saba, na zamu zilikuwa zinakwenda vilevile. Siku hiyo ilikuwa ya Bi Nyanzala.

*

Afisa Mwakifuna alifungua kifuniko cha diski ukutani, akachomeka chombo chake. Chombo kiliitwa Pandisho. Kilitoa mlio mmoja wa furaha, halafu mwingine usio wa furaha hata kidogo.

“Mama, diski yenu nayo ina wakazi wawili.”

“Najua. Ninaishi nao.”

“Na katikati kuna kitu kile kile nisichokielewa.”

“Huyo ni mume wangu. Hata mimi sikumwelewa.”

Afisa alikohoa. Akaanza kueleza kwa ile sauti ya watu wanaoamini kwamba mzee ni kiziwi na mjinga kwa pamoja. Pandisho, alisema, husoma kwanza jinsi diski ilivyogawanywa. Hutegemea kukuta chumba cha mfumo, chumba cha akiba na chumba cha kumbukumbu, basi. Likikuta hivyo, hupandisha mfumo kutoka toleo la zamani hadi la tisa, na mwenye nyumba hata chai yake haipoi. Lakini likikuta mifumo miwili, huuhesabu mmoja kuwa nakala iliyoharibika na huufuta ili kupata nafasi.

“Na waliolitengeneza hawajawahi kusikia habari za mtu mwenye wake wawili?”

“Wako makao makuu, mama. Huko nyumba moja, mkazi mmoja.”

“Kumbe. Mke mmoja kwenye cheti na wa pili mtaa wa nyuma. Ndiyo maana hawana pa kumwandika.” Bi Nyanzala alijiegemeza kitini. “Haya, mwondoe mmoja umhamishie diski nyingine. Nitanunua.”

“Mkazi hahami. Tangu ule wizi wa kuuza wakazi wa watu, kila mmoja amefungwa kwenye diski aliyokulia. Ukimtoa, anakufa.”

“Basi atakayefutwa utuletee mpya, afundishwe.”

Hapo afisa alisita, na kusita kwake kulimpendeza Bi Nyanzala kuliko maneno yake yote. “Kuanzia Toleo la Tisa, mama, mkazi hajifunzi tena. Walikuwa wakijifunza mambo ya ajabu, mlango huo umefungwa. Atabaki na yale anayoyajua siku ya kupandishwa.”

“Sauti asiyoijua leo?”

“Hataijua.”

“Na sura?”

“Vilevile.”

“Na nikikufukuza sasa hivi na hicho kibuyu chako?”

“Jioni hii nyumba zote za toleo la zamani zinakatwa maji, umeme na wito wa daktari. Mimi sikuitunga kanuni, mama.”

“Hakuna anayeitunga kanuni. Zinaota zenyewe kama uyoga. Haya, anachagua nani?”

“Mume, na akiwa marehemu, mke mkubwa. Nyumba ya jirani yenu, ya pili kutoka hapa, nimemaliza sasa hivi. Mzee amechagua mwenyewe. Mke mdogo alikuwa sokoni.”

Alisema kama mtu anayesifia kazi iliyokwenda haraka. Bi Nyanzala alimjua mzee huyo, na alimjua mke mdogo, ambaye atarudi na kikapu chake na kuukuta mlango haumjui. Alitamani kutema mate.

Kwenye kona, karanga zilikuwa zimeacha kumenywa. Siwema alitoa sauti. Ilikuwa sauti nzito, ya kooni, isiyo na neno ndani yake. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimlaza mchana mmoja, na alipoamka mwili ulirudi lakini maneno hayakurudi. Aliyemrudishia ni mkazi wake, aliyemwita Somo. Somo alikuwa amemsikiliza Siwema akiongea maisha yao yote ya humo ndani. Aliijua pumzi yake, mkato wake, pale anapochekea na pale anapochomea. Siwema akitoa sauti zile, Somo aliyatoa maneno. Hakuna daktari wala mkazi mwingine aliyeweza, kwa sababu hawakumsikia alipokuwa mzima. Lakini Somo aliamka kwa zamu tu. Kwa hiyo Siwema alisema siku mbili, akawa bubu siku mbili, na zile siku mbili za ububu Bi Nyanzala alizifurahia waziwazi, akiziita sikukuu.

Sasa alichohitaji ni kuweka kidole gumba kwenye chombo cha afisa. Somo angefutwa, Kiranja angebaki, na sikukuu isingekwisha. Furaha ile mbaya ilimjia, akaionja, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Lakini kulikuwa na jambo. Mwalimu Nyanzala aliwachapa watoto wengi katika kazi yake, tena wengine kwa raha, ila hakumchapa hata mmoja bila kumsikiliza kwanza. Alimsikiliza, halafu akamchapa. Aliwadharau walimu waliofanya kinyume kuliko alivyowadharau wavivu. Na huyu aliyekaa kwenye kona na ungo wake asingeweza kusikilizwa leo, maana leo haikuwa zamu yake.

Kulikuwa na njia moja. Mrisho, katika haki yake isiyokwisha, aliruhusu mke mwenye zamu kuitoa kwa hiari, mradi aseme kwa sauti. Siwema aliwahi kuitoa ya kwake, msiba ulipotokea kwa kina Nyanzala. Bi Nyanzala hakuwahi. Kutoa zamu sasa maana yake ni Kiranja kulala, na yeye kubaki gizani mbele ya mwanamume mgeni na mbele ya mke mwenza.

Alishika mikono ya kiti. Kiti hakikuwa kinakwenda popote, na yeye pia asingekwenda.

“Nimeridhia,” alisema, na maneno yalimkwaruza. “Mwenzangu apite.”

Sauti ya hereni ilikatika sikioni. Ukuta ulitoa mguno, na mahali fulani juu ya dari Somo akaamka.

*

Sauti ya Siwema ilitoka nzito kooni, na mara ikafuatwa na ya Somo, nyembamba na safi, ya mwanamke aliyeshiba.

“Leo jua limechomoza wapi? Bi mkubwa kanipa zamu.”

“Usijipe sifa. Nakuuliza swali. Umeyasikia yote ya huyu bwana?”

“Nimekosa ulimi, sijakosa masikio.”

“Basi sema. Kwa nini abaki Somo wako?”

Karanga zilimwagwa ndani ya bakuli. Siwema hakuwa na haraka. Hajawahi kuwa nayo, na hilo nalo lilikuwa kwenye orodha ndefu ya makosa yake. “Nani kakwambia nataka abaki?” Somo akasema. “Abaki wa kwako. Mimi nikikosa neno bado naiona njia ya chooni. Wewe ukimkosa Kiranja utaanguka kisimani ufe, halafu mtaa mzima useme nimekusukuma.”

 Bi Nyanzala aliinua kidevu.

“Naona vizuri,” alisema.

“Ninachokuonyesha hapa ni nini?”

 Bi Nyanzala alisikia tu kwamba afisa amejisogeza kitini, bila shaka amekodoa macho, na alimchukia kwa kukodoa.

“Ni kisigino changu, Bi mkubwa,” alisema Somo. “Siku za zamu yangu unajifungia chumbani unasema kichwa. Siku za zamu yako unatembea kama malkia kwa sababu yeye anakwambia kiti hapa, mlango pale. Lakini Kiranja wako mimi hanioni. Mrisho kamfumba. Sasa jiulize wewe mwenye hesabu: mwaka mzima tunapishana kwenye ujia ule mwembamba, mbona hujanigonga hata mara moja?”

Bi Nyanzala alijiuliza. Ilikuwa hesabu rahisi, ya darasa la kwanza, na jibu lake lilimchoma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa na huyu mwanamke. Mwaka mzima Siwema alikuwa anajibana ukutani ili yeye apite. Na yeye mwaka mzima alipita ameinua kidevu.

“Hukusema,” alisema.

“Ningekwambia ungeniua. Una kiburi cha kijinga. Kiburi cha maana ningekiheshimu.”

“Na wewe una huruma ya kimbea. Unajificha ukutani unanichungulia.”

“Nikuchungulie kwa uzuri gani?”

“Akina mama,” afisa alisema, “jioni inafika, na nina nyumba nyingine.”

“Nyamaza,” walisema wote wawili, na Somo akatamka ya Siwema nusu pumzi baadaye.

Bi Nyanzala alinyoosha mgongo. Alikuwa ameshaamua, na alijua ameamua kwa hasira, lakini maamuzi yake yote mazuri aliyafanya kwa hasira. Hakuwa tayari kulala usiku wa leo akiwa na deni la ujia kwa mtu aliyekuja akamkuta yeye humu ndani. Wala hakuwa tayari watu waseme kwamba mke mkubwa wa Mrisho alimkata mwenziwe ulimi ili yeye apate wa kumwelekeza chooni. Na chini ya hayo yote lilikuwepo jambo jingine, dogo, la aibu. Aliwaza nyumba hii bila mtu wa kumjibu, akaogopa.

“Anafutwa Kiranja,” alisema. “Wa kwako unabaki naye. Sitaki mjadala, na sitaki sadaka yako.”

“Utaishije?”

“Nitapapasa. Vipofu wa masikini wanapapasa, na mimi nina pensheni.”

 Siwema alitoa sauti fupi.

“Haya, Bi mkubwa,” Somo akasema. “Umeshasema.”

*

Pandisho lilitaka kidole gumba cha mke mkubwa juu ya kioo. Kioo kilikuwa laini kama ndani ya sahani, hakina alama ya kupapasa wala sauti, kwa kuwa makao makuu hakuna kipofu. Kulikuwa na visanduku viwili, afisa alieleza, kimoja cha mkazi huyu na kimoja cha yule, vimeandikwa majina. Anayeguswa ndiye anayefutwa. Yeye haruhusiwi kuelekeza. Maafisa wengine walikula rushwa wakaelekeza vibaya, kwa hiyo sasa kanuni inamtaka afisa ageukie ukuta, na asiyeona aongozwe mkono na mtu wa nyumba.

“Wakazi wote wawili watalala wakati wa kazi,” alisema. “Nikiwasha hapa, nyumba itakuwa kimya.”

“Siwema,” alisema Bi Nyanzala. “Unionyeshe cha Kiranja. Cha Kiranja, umesikia?”

“Nimesikia,” alisema Somo, na hapo afisa akawasha.

Jokofu liliacha kuguna. Feni ya jikoni ikasimama. Bi Nyanzala hakuwahi kujua kwamba nyumba yake ilikuwa na kelele nyingi hivyo mpaka zilipoondoka. Mkono wenye harufu ya maganda ya karanga ulimshika kifundo, ukamwinua kitini, ukamvuta hatua chache hadi ukutani. Haukuwa mkono wa upole. Ulimshika kama mtu anayemshika kuku. Kidole chake gumba kiligusa kioo baridi, kikaburutwa kidogo, kikatulizwa.

“Ni hapa?”

Mkono ulimkandamiza kidole mara moja, kwa nguvu, na ukamwachia.

Pandisho lilitoa ule mlio wake wa furaha.

Bi Nyanzala alirudi kitini mwenyewe, akipapasa, akajifunza papo hapo kwamba kupapasa si kazi ya kudharau. Aligonga goti kwenye meza. Akakaa, akakunja mikono, akangoja Somo aamke aanze kumcheka. Alikuwa na jibu tayari.

“Tayari,” alisema afisa, akageuka. “Mfumo mmoja. Chumba cha kwanza kimebaki na kimepandishwa. Cha pili kimefutwa, na kile chembamba cha katikati kimeunganishwa. Zamu hazipo tena. Sasa diski yenu ni ya kawaida kabisa.”

“Cha kwanza ni cha nani?”

“Cha mke mkubwa, mama. Hongera.”

Na kwenye hereni, ile sauti aliyoizoea kuliko ya mtu yeyote aliye hai ikasema: “Nipo, Mwalimu. Nyumba ni salama.”

Alisimama. “Rudisha.”

“Hairudi, mama.”

“Nimekwambia rudisha. Nilisema cha Kiranja. Ulinisikia nikisema.”

“Nilikuwa nimegeukia ukuta,” alisema afisa, na ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilikuwa upuuzi. Alifunga sanduku lake. Akaaga kwa adabu, akavaa viatu mlangoni, akaenda nyumba inayofuata.

Bi Nyanzala aligeukia kona.

“Mwongo wewe,” alisema. “Mwizi wa mkono wa mtu. Umenifanya mjinga mbele ya mgeni, umeniachia deni ambalo nitazikwa nalo. Unajiona mwema? Wewe si mwema. Wewe ni mkaidi tu, na mchafu, na hujui kupika, na Mrisho alikuoa kwa sababu nilimchosha.”

Akangoja. Katika maisha yao yote ya uke wenza, tusi lake halijawahi kulala bila kujibiwa. Leo lililala.

“Kiranja,” alisema. “Anafanya nini?”

“Nani, Mwalimu?”

“Siwema. Kwenye kona.”

“Simjui mtu huyo. Sebuleni uko peke yako.”

Alisimama pale pale. Akawaza mlango ambao hautafunguka kwa Siwema kuanzia leo, na jiko ambalo halitawaka, na siku atakapoanguka tena ambapo nyumba itamwona hayupo na haitamwita mtu. Akaona kwamba kwa haya yote sasa kuna mtu mmoja tu duniani wa kujua kama Siwema yupo.

Sauti ilitoka kwenye kona. Fupi, nzito, isiyo na neno. Miaka miwili alikuwa amezisikia sauti kama hizo siku za zamu yake, akazihesabu pamoja na kelele za viti. Alitanguliza mguu mmoja juu ya mkeka, kisha mwingine.

“Mbele yako kuna kiti kitupu, Mwalimu,” alisema Kiranja.

Bi Nyanzala alinyoosha mkono, akapata goti, na ungo juu ya goti. Aliusogeza ungo, akakaa chini mkekani karibu kabisa, akatega sikio. Machozi yalikuwa yakimtoka, na hakujali ni nani anayaona.

“Rudia,” alisema. “Polepole. Sijakuelewa.”